Maji ya bwawa la samaki yamebadilika rangi: tambua chanzo kabla ya kumwaga chochote

Bwawa likibadilika rangi, wafugaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini hukimbilia kiroba cha samadi au mfuko wa chokaa, na hapo ndipo hasara huanzia. Maji ya kahawia yanaweza kuwa yamebeba udongo, sharubati ya majani yaliyooza, kutu ya chuma au mwani uliokufa usiku wa kuamkia leo. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki inaweza kumaliza samaki kwenye kile. Kwa hiyo kabla ya kugusa koleo, jibu swali moja: rangi hii imebebwa na nini?

Vipimo vyote hapa ni vya bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha wastani cha mita 1, yaani mita za mraba 200 na mita za ujazo 200. La kwako likiwa nusu ya hilo, gawa kwa mbili.

Hatua ya 1: Tengeneza sahani ya kupimia

Chukua kifuniko cha ndoo chenye upana wa sentimita 20 hivi. Kigawe robo nne, upake mbili rangi nyeusi na mbili nyeupe, robo za rangi moja zikitazamana. Toboa katikati, pitisha kamba, funga jiwe chini yake. Kwenye kamba piga fundo kila sentimita 5.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua likiwa mgongoni mwako, mahali penye kina na mbali na mlango wa maji. Shusha sahani mpaka ipotee machoni, soma fundo. Ipandishe mpaka ionekane tena, soma tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio kipimo chako.

Kwa bwawa la sato, sentimita 25 hadi 40 ni pazuri. Chini ya 20 maji yamejaa kitu kupita kiasi, na zaidi ya 50 yamepungukiwa chakula. Usiposhika sahani, zamisha mkono ulionyooka: kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, umo ndani ya kiwango. Lakini sahani inakuambia wingi tu. Haikuambii ni kitu gani, na wengi hukomea hapo.

Hatua ya 2: Chupa na kitambaa cheupe

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na hakina gharama. Chota maji sentimita 30 chini ya uso, ujaze chupa mbili angavu za lita 1.5.

Chupa ya kwanza iache mezani usiku kucha bila kuitikisa. Ya pili ichuje palepale kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kisha kitandaze juani.

Kitambaa kikibaki na doa la kijani linalonuka kama majani mabichi, ni mwani hai. Kikibaki na tope la kahawia linalokwaruza ukilisugua kwa vidole, ni udongo. Kama kitambaa kimebaki karibu kisafi lakini maji yaliyopita bado yana rangi ya chai ya rangi, ni sharubati ya majani na magome. Doa la rangi ya chungwa lisilotoka hata ukifua ni chuma.

Asubuhi angalia chupa ya kwanza. Tope likiwa limetua chini na maji kuwa angavu, udongo wako ni wa chembe kubwa na utatulia wenyewe ukizuia chanzo. Yakiwa bado na ukungu kama maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa, ni mfinyanzi mwembamba. Huo hautui wenyewe hata kwa wiki kadhaa, kwa sababu chembe zake zinasukumana.

Hatua ya 3: Soma rangi pamoja na majira

*Kijani cha jani changa la mgomba.* Sahani 25 hadi 40, doa la kijani kitambaani. Usiongeze kitu kipya. Endelea na samadi ya kuku iliyokauka kilo 10 kwa wiki, kiasi kikubwa kabisa kwa bwawa hili, na uisitishe sahani ikikaribia 25. Kuanzia Juni hadi Agosti toa nusu yake. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hudorora, na yakikaribia 16 huacha kula. Samadi inayomwagwa kwenye baridi ya Njombe au Mufindi hailiwi wala haiozi upesi. Inalala chini, na joto la Oktoba likiingia inafumuka yote kwa mpigo. Mabwawa mengi yanayogeuka kijani kizito kabla ya mvua yalilishwa hivyo tangu Julai.

*Kijani kizito chenye utando.* Sahani chini ya 20, na mchana pembe moja ya bwawa, ile upepo unakosukumia, ina kitu kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Simamisha chakula na samadi. Kokota utando kwa mgomba unaoelea uliofungwa kamba ncha zote mbili, watu wawili wakitembea juu ya matuta, muuzoe pembeni. Kisha badilisha robo ya maji. Usimwage mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu. Unaua mwani wote siku moja, na mwani unaooza hunyonya hewa ya maji kabla samaki hawajaipata.

*Utando mwekundu unaokuja mchana na kufifia asubuhi.* Nao ni viumbe hai vidogo, na chanzo ni samadi iliyozidi. Dawa ni ileile ya mgomba.

*Kahawia ya chai ya maziwa.* Kwa kawaida huja na mvua, Desemba hadi Machi, na chanzo hakimo bwawani. Kiko kwenye shamba la juu, kwenye njia ya ng'ombe, au kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vilivyolimwa mpaka ukingoni. Chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu, wenye upana na kina cha sentimita 50 hivi, uyapeleke maji ya mvua pembeni. Panda nyasi fupi zinazotambaa juu ya matuta. Kama hakuna mvua na maji bado ni tope, tazama kama una kambale wengi. Wao huchimbua sakafu na kuta, na mtaro hautakusaidia.

Kwa mfinyanzi usiotua, tumia jasi. Jaza ndoo tatu za lita 20 kwa maji ya bwawa, weka gramu 2, 4 na 6, koroga, acha kwa muda wa saa 12. Chagua ndoo yenye kiasi kidogo kabisa kilichosafisha maji. Hesabu ni nyepesi: kila gramu kwenye ndoo ni kilo 10 bwawani, yaani gramu 2 ni kilo 20. Changanya na maji kwenye pipa, nyunyiza bwawa zima siku isiyo na upepo.

*Chai ya rangi, angavu.* Haya ni maji ya misitu. Majani ya misindano, mikaratusi na hasa magome ya miwati yana tanini, ile inayotumika kusindikia ngozi za wanyama, na maji yake huwa na asidi. Pima pH, yaani kiwango cha asidi (namba ikishuka asidi imezidi), alfajiri kwa karatasi za kupimia. Chini ya 6.5, weka chokaa ya kilimo kilo 20 hadi 40. Kwa udongo mwekundu wa Mufindi na Njombe anzia kilo 40. Subiri wiki mbili kabla ya kurudisha samadi. Ondoa majani yaliyotuama na kata matawi yaliyoinamia bwawa, la sivyo utarudia kila mwaka.

Hakikisha ni chokaa ya kilimo, jiwe lililosagwa tu. Chokaa ya kupakia kuta imechomwa. Ikiingia kwenye maji yenye samaki hupandisha pH ndani ya saa chache, na amonia ya uchafu wa samaki iliyokuwa haina madhara hugeuka sumu. Usiinunue kwa sababu ni ya bei nafuu.

*Chungwa, na utando unaong'aa kama mafuta.* Gusa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kingo kama barafu nyembamba, na vipande vikabaki mbalimbali, ni chuma cha chemchemi pamoja na bakteria wanaoishi nacho. Ukirudi kuungana, ni mafuta kweli, tafuta pampu inayovuja. Chuma hugandia kwenye matamvua ya samaki, na vifaranga ndio hufa kwanza. Tibu kabla maji hayajaingia. Yaangushe juu ya ngazi ya mawe, hatua tatu au nne za sentimita 30, yapate hewa, kisha yatulie kwenye kishimo kabla ya bwawa. Kutu itabaki kishimoni. Zoa kila mwezi.

*Angavu mpaka chini.* Mgeni hulisifu bwawa hili, na samaki wake hawakui. Mara nyingi kosa ni mfereji unaoingia upande huu na kutokea upande ule usiku na mchana, kwa imani kwamba sato wanataka maji ya mtoni. Mfereji huo unasomba rutuba na kupoza bwawa. Funga mlango wa maji. Jazia tu yanayopotea kwa jua na kuvuja. Ukishafunga, pima pH, weka chokaa ikihitajika, ndipo uanze samadi. Ukianza na samadi mfereji ukiwa wazi, unarutubisha mto wa jirani.

*Kijivu au nyeusi, yenye harufu ya yai viza.* Sakafu imeoza, mara nyingi kwa pumba na mashudu yaliyobaki. Usiingie kuvuruga tope samaki wakiwemo. Acha kulisha siku tatu, toa maji ya chini kwa bomba la kiwiko na uongeze mapya taratibu. Ukivua, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, toa tope jeusi, ndipo uweke chokaa.

Hatua ya 4: Rangi ikibadilika ghafla usiku mmoja

Jana kijani, leo kijivu au kahawia hafifu, na povu pembeni. Mwani umekufa. Hutokea baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito au mvua ya baridi iliyochanganya maji ya juu na ya chini. Hii ndiyo hali pekee katika mwongozo huu isiyosubiri chupa mpaka kesho.

Nenda bwawani saa 11 alfajiri na tochi. Samaki wakiwa juu midomo wazi, wakipumulia uso wa maji, hewa imekwisha. Katika mwinuko wa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji hubeba hewa pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na pwani kwa joto lilelile, hivyo akiba yako ni ndogo tangu mwanzo.

Fungua mlango wa maji wote, na uyafanye yaanguke kutoka juu na kutawanyika kwenye mawe au bati lililotobolewa. Kama una pampu, vuta maji ya bwawa lenyewe na uyarushe hewani. Toa maji kwa bomba la chini, si juu. Usilishe mpaka sahani irudi kwenye 40 na samaki waache kupanda alfajiri.

Hatua ya 5: Mtazame na samaki mwenyewe

Dume la sato likiwa na wekundu kooni na kwenye mapezi linataka kuzaa, halina ugonjwa. Samaki mweusi kuliko wenzake anayejitenga ana msongo: pima joto na pH kwanza. Manyoya meupe kama pamba ni ukungu unaoota palipochubuka, hasa baada ya kuvuliwa kwa wavu wakati wa baridi. Watoe wenye manyoya, na hamisho lolote lisubiri mpaka maji yapite nyuzi 20.