Jinsi ya Kuipima Alama ya Moko Iliyopanda Ghafla

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyezoea alama za hamsini katika Hisabati, kisha akarudishiwa karatasi ya moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa) yenye alama 82, anapaswa kuipitia karatasi hiyo swali kwa swali kabla hajaanza kukisia matokeo ya mtihani wa taifa wa Novemba. Baraza la Mitihani la Tanzania huihesabu A kuwa pointi 1 na C kuwa pointi 3, kwa kujumlisha masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye pointi 19, yaani daraja la pili, C yake ya Hisabati ikigeuka A hufikia pointi 17 na kuingia daraja la kwanza. Akiiamini alama hiyo mapema mno, atalipunguzia somo muda ambao bado linauhitaji.

Anza kwa kutafuta maswali yalikotoka. Watungaji wa moko mara nyingi huchota maswali katika mitihani ya taifa ya miaka iliyopita, na aliyekwisha kuyafanya darasani anaweza kuyajibu kwa kukumbuka tu. Wekea alama kila swali ulilowahi kuliona, kisha tafuta asilimia uliyopata katika maswali mageni peke yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo namba ya kuaminiwa zaidi. Yale uliyoyazoea yabadilishe kidogo na uyafanye upya. Kwa mfano, x² − 5x + 6 = 0 ina majibu 2 na 3, lakini ukiandika x² − 5x − 6 = 0 majibu huwa 6 na −1. Anayeelewa njia hafadhaishwi na ishara moja iliyobadilika, ilhali aliyekariri hukwama hapo hapo.

Ikiwa pepa lilivuja, alama hiyo haipimi chochote, nawe iweke kando.

Mwombe pia mwalimu mwingine asahihishe nakala ya majibu yako bila kuonyeshwa alama za awali, kwa kuwa wapo wasahihishaji wanaotoa alama zote kwa jibu la mwisho hata pale hatua zinapokosekana.

Baada ya hapo, fanya mitihani miwili au mitatu usiyowahi kuiona, kila mmoja kwa saa 3 kamili, simu ikiwa mbali. Alama zikitua kati ya 60 na 68, uwezo wako wa sasa uko hapo, kwenye mpaka wa C na B, na hayo ni maendeleo ya kweli. Zikibaki juu ya 75, umepanda kweli.

Wazazi na walimu, nawasihi msimtuhumu mtoto kwa udanganyifu kwa sababu tu amepanda. Mpeni chaki, achague swali gumu katika karatasi yake na alieleze ubaoni hatua kwa hatua, nanyi mumsikilize hadi amalize ndipo mumuulize maswali.