Kabla hujampelekea fundi picha ya gauni la harusi

Dada unayeolewa Mbeya, Iringa au Njombe, kabla hujamwonyesha fundi ile picha ya gauni la mgongo wazi, angalia kwanza tarehe. Juni na Julai baridi ya huku haina utani, na picha za nje hupigwa jioni. Omba mikono mirefu ya lesi, au kikoti cha kitambaa kilekile utakachovua ukumbini. Satini nzito yenye bitana itakusitiri kuliko shifoni.

Siku ya kupimwa nenda na viatu na sidiria utakazovaa siku yenyewe. Mimi nilikwenda na kandambili. Nilipovaa viatu virefu gauni likaning'inia juu ya vifundo, na pindo halikuachwa akiba hata ya vidole viwili. Ukijaribisha, usisimame tu mbele ya kioo: kaa, inua mikono, panda ngazi.

Unataka mkia mrefu? Fundi aweke kitanzi na kifungo kwa nyuma uukunje, la sivyo utazoa vumbi lote la kanisani.

Gauni la sherehe ya usiku lisikuumize kichwa. Rangi iliyokolea, mpasuo wa kukuwezesha kucheza, basi.