Kuruta, usijitupe kwenye nyasi ukimaliza mbio
Kwa vijana mnaojiandaa kwenda chuo cha polisi pale Embakasi: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kimbia mwendo unaokuruhusu kuongea na mwenzako bila kuhema. Mbio za kasi ziwe mara mbili tu kwa wiki. Ukimaliza, tembea dakika 5, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Mapigo ya moyo hushuka, na kichwa nacho hutulia. Hapo mwulize mwenzako amelalaje. Tulikuwa na mmoja aliyefunga na kufungua kamba za viatu bila kuinua macho. Tulipomwuliza, ndipo akasema hajalala siku nne.