Kupima SQUID ya niobi: kuyapata mawimbi na kuyasoma

Chukua SQUID, yaani kitanzi cha kipitishi-kamili (superconductor) kinachohisi uga wa sumaku, yenye viungo viwili vya Josephson (sehemu dhaifu zinazokatiza kitanzi) vyenye mkondo-kikomo I₀ wa 10 µA kila kimoja, na kitanzi chenye induktansi L ya 100 pH. Kwa vipimo hivi 2LI₀ inakaribiana na kwanta moja ya flaksi (kipimo cha msingi cha uga unaopita kitanzini), 2.07 × 10⁻¹⁵ Wb, na mkondo wa juu kabisa unaopita bila volteji hupungua hadi karibu nusu kila flaksi inapofika nusu kwanta. Kupanda na kushuka huku ndiko mawimbi tunayoyatafuta; ukipanua kitanzi, hufifia. Kila kiungo kiwe na rezista sambamba: kwa kapasitansi ya 1 pF, 5 Ω inafaa. Ikizidi 6 Ω hivi, volteji huanza kuruka ghafla, na mchoro wa kupandisha mkondo haulingani na wa kuushusha.

Unganisha waya zote za chipu na ardhi kabla ya kuigusa; umeme tuli huua viungo papo hapo. Tumia waya nne, mbili za mkondo na mbili za volteji, kila mmoja na kichujio cha 1 kΩ na 10 nF, kinachokata kwenye 16 kHz hivi. Zima vyanzo vya mkondo, kisha shusha chipu polepole kwenye heliamu kimiminika (4.2 K), ndani ya kinga ya sumaku.

Anza na mchoro wa mkondo na volteji. Kona yake, pale volteji inapoanza, ikiwa butu kupita kiasi, kuna kelele ya redio inayoingia. Usiendelee kabla hujaiziba, maana mawimbi utakayopata hayatakuambia kitu. Kona ikiwa kali, weka mkondo juu kidogo ya 20 µA (jumla ya viungo viwili), tuseme 21, kisha pitisha mkondo wa pembetatu wa 20 Hz kwenye koili iliyo juu ya chipu. Osiloskopu itaonyesha mawimbi ya makumi ya mikrovolti.

Umbali kati ya vilele ndio kipimo cha kuamini. Hapa wengi hukosea hesabu ya uga unaoleta wimbi moja: hutumia eneo la tundu la kitanzi peke yake. Fremu ya niobi inayozunguka tundu husukumia uga tunduni, hivyo kwa fremu ya mraba zidisha upana wa tundu kwa upana wa nje. Tundu la 10 µm ndani ya fremu ya 50 µm ni sawa na 500 µm², yaani wimbi moja kwa kila 4.1 µT, si 20.7.

Mawimbi yakihama au yakibadilika kina kila unapopoza upya, flaksi imenaswa kwenye niobi. Pasha chipu ipite 9.3 K, ambapo niobi huacha kuwa kipitishi-kamili, kagua kinga, upoze tena.