Mshubiri pori bustanini, usiumwagilie kama mchicha

Wadau wa maeneo makavu, kuanzia Same na Simanjiro mpaka ng'ambo kule Kajiado na Kitui, leo naongelea mshubiri pori, huu tunaoupita kila siku pembeni ya njia halafu tunaenda mjini kununua maua ya duka yanayokauka kabla Januari haijaisha. Wataalamu wanauita Aloe secundiflora. Ni wa kwetu kabisa, tofauti na ile alovera ya kwenye sabuni na losheni, ile asili yake ni Uarabuni. Ukitaka kuvitofautisha subiri vichanue, alovera maua yake ni ya njano, wa kwetu ni mekundu-pinki na yamejipanga upande mmoja wa tawi, yote yanaangalia juu. Ukikata jani utomvu wa njano unatoka hapo hapo na ukilamba utaelewa kwa nini watu wanasema chungu kama shubiri, na kwa nini mama zetu walikuwa wanapaka kwenye ziwa kumwachisha mtoto.

Sasa kinachoua huu mmea bustanini ni maji, jamani. Sio jua. Mimi mwaka wa kwanza niliiweka tuta moja na mchicha, nikawa namwagilia vyote jioni, baada ya wiki kadhaa naona majani ya chini yamekuwa laini kama ndizi iliyoiva sana, nikashika mmoja ukang'oka wote mkononi, shina limeoza na linanuka. Iliniuma kweli. Kwa hiyo panda mahali pa mwinuko au inua tuta, na kama udongo wako ni ule mweusi unaopasuka kiangazi changanya mchanga mwingi na kokoto ndogo mpaka maji yasituame. Samadi weka kidogo tu tena iliyooza vizuri, ukiizidisha mmea unajaa maji na unaoza kirahisi. Ukishapanda mwagilia mara moja moja mpaka ushike, baada ya hapo mvua inatosha, na kiangazi kikiwa kirefu sana ndo unaweza kuupa maji kila baada ya wiki mbili tatu, chini kwenye udongo, usimwage katikati ya majani. Majani yakigeuka kahawia-mekundu kwa jua usiogope, mvua ikinyesha kijani kinarudi.

Kuhusu mbegu, tafadhali sana usiende kung'oa porini. Mishubiri ya pori inalindwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na Kenya walipiga marufuku kuvuna ya porini mwaka 1986 kwa sababu ilikuwa inaisha. Halafu huu mara nyingi hautoi machipukizi pembeni kama alovera, kwa hiyo ukichimba mmoja umeondoa wote pale. Omba kwa jirani aliyepanda, subiri vitumba vya mbegu vikauke viwe kahawia, vichume kabla havijapasuka maana mbegu ni nyepesi zinapeperuka na upepo, halafu zimwage juu ya mchanga wenye unyevu na ufunike kidogo sana. Weka kivulini, baada ya wiki mbili mpaka nne utaona vijani vidogo vyembamba. Vikifika urefu wa kidole hamishia kwenye viriba, na shambani acha kama mita moja kati ya mche na mche. Maua yanataka subira, ni miaka kama mitatu minne hivi.

Wadudu sio wengi, angalia tu vidung'ata, ule unga mweupe kwenye maungio ya majani, ukiona sisimizi wanapanda na kushuka ujue wapo. Futa na kitambaa chenye maji ya sabuni.

Na kwa wanaouliza dawa, wafugaji wengi wanakatakata jani kwenye maji ya kuku msimu wa mdondo, lakini chanjo usiache. Binadamu asinywe ule utomvu wa njano, unaharisha vibaya, mjamzito ndo kabisa asiuguse.

Mimi nimepanda mstari mmoja pembeni ya mizinga, ikichanua kiangazi, wakati hakuna ua lingine, nyuki wangu wanapata chakula na vile vindege vya chozi vinakuja asubuhi asubuhi vinaning'inia kwenye matawi vinanyonya.