Jinsi ya kujifunza dizaini na hadithi za video ukiwa na simu tu (nilianzia kwa mama wa omena Dunga)

Nianze na aibu ndio tusonge mbele. Mwaka wangu wa kwanza chuoni hapa Kisumu nilikuwa nimejaza simu na programu za kuediti, najua kufanya herufi zizunguke, najua kufanya picha ivunjike kama kioo, najua ile efekti ya moto, na kwa karibu miezi sita sikuwa nimemaliza hata kitu kimoja chenye mtu angekaa chini akiangalie dakika mbili. Darasani nako tulikuwa watu wanne kwa kompyuta moja, mwalimu anabonyeza menyu sisi tunanakili, mtihani ukija unaulizwa kazi ya kila kitufe. Huo mtihani nilipita. Dizaini sikuwa naijua.

Chenye kilinifungua macho ni kazi moja ndogo, video ya dakika tatu na posta moja, kuhusu mama mmoja anayeanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, kule Dunga, ufuo wa hapa Kisumu. Kwa zile wiki tatu nilijifunza kuliko mwaka mzima, na si ati ilitoka poa, ya kwanza ilikuwa mbaya kabisa, ni vile tu ilibidi nimalize. Kwa hivyo huu ni mwongozo wa kumaliza kitu kimoja. Kama unatafuta orodha ya vitufe, hapa hutapata.

Chagua hadithi ya karibu, halafu uulize kalenda

Usianze na "maisha ya wavuvi wa Ziwa Victoria". Hio ni kubwa, itakumeza. Chagua mtu mmoja, kazi moja, mahali unaweza kurudi mara tatu kwa tuktuk bila kukopa nauli, juu utarudi, hakuna mtu hupata kila kitu siku ya kwanza.

Mimi nilienda mara ya kwanza mwezi wa tano, simu imejaa chaji, nimevaa na kikoti cha mifuko mingi kama mtu wa runinga. Nyavu zimekunjwa. Hakuna omena. Nilikuwa sijui ati uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ndio samaki wazaane. Mzee mmoja pale kwa mashua alicheka mpaka akaketi. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote nenda bila kamera, keti, uliza: kazi hii hufanywa saa ngapi, msimu gani, na nani, ni nini huiharibu. Hilo swali la mwisho ndilo litakupa hadithi.

Omena huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi inaletwa nchi kavu, akina mama wanainunua na kuianika juu ya nyavu kuukuu. Ikipata jua zuri inakauka siku hio hio, inapimwa na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, inaenda sokoni. Mvua ikiipata kabla haijakauka inaoza, na bei inakuwa ile ya chakula cha kuku. Sasa ukijua hivyo unaweza kuandika sentensi moja ambayo mimi huwa naibandika ukutani kabla ya kushuti chochote: nani anataka nini, na ni nini kinamzuia. Yangu ilikuwa "Mama anataka jua likae hadi saa kumi, lakini mawingu yanakuja kutoka upande wa Nandi." Kama huwezi kuandika hio sentensi bado huna hadithi, uko na mada tu, na mada haiwezi kufanya mtu angoje aone mwisho.

Sauti kwanza, picha baadaye

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo wengi wetu tunaangukia. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo lakini sauti ikikwaruza anatoka. Mahojiano yangu ya kwanza niliweka simu hatua tatu kutoka kwa mama, upepo wa ziwa unavuma, boda zinapita nyuma, niliporudi nyumbani kusikiliza ni kama nilikuwa nimerekodi gunia likiburutwa.

Fanya hivi. Tafuta simu ya pili, hata ile ya rafiki yenye skrini imepasuka, iwe ya kurekodi sauti peke yake. Ingiza iafoni zenye maiki, hio maiki uibane kwa leso au kola ya mtu, upana wa kiganja chini ya kidevu, uifunike na kipande cha sponji au soksi safi kuzuia upepo. Weka simu zote mbili kwa modi ya ndege. Mkianza, piga makofi mara moja mbele ya kamera, huo mlio ndio utatumia baadaye kulinganisha sauti na picha. Rekodi sekunde ishirini, simamisha, SIKILIZA, ndio uendelee. Hio ya kusikiliza watu huruka juu wanaona ni kama kumpotezea mtu wakati, na kumbe kurudi kesho kumuomba arudie yote ndio kumpotezea wakati.

Mkimaliza mwambie kila mtu anyamaze urekodi dakika nzima ya mahali penyewe, mawimbi, ndege, watu kwa mbali. Itakuokoa ukikata maneno na kubaki na mashimo ya kimya kati.

Maswali nayo yana namna yake. Nilimuuliza "Je, mvua ni changamoto?" akasema "ndio". Bas. Nikabadilisha: "Mama, niambie siku moja mvua ilikupata." Akaangalia ziwa, akanyamaza, mimi nikataka kujaza hio kimya na swali lingine lakini nikauma ulimi, na ndio akaanza, akiniita nyathina, yaani mwanangu, na katikati Kiswahili kikamwishia akaingia Kijaluo. Muache. Usimrudishe. Mtu husema kitu cha ndani kwa lugha yake, wewe utaandika tafsiri chini ya picha, mistari miwili isizidi, na kila mstari ukae muda wa kutosha mtu asome polepole.

Picha tano, sekunde kumi kila moja

Sasa kamera. Kosa la kila mwanafunzi ni kutembea na simu huku anageuka geuka, anazumu, anarudi. Simama. Kwa kila tendo rekodi picha tano za video: mikono ikifanya kazi, uso wa anayefanya, mahali pote kwa mbali, juu ya bega lake uone anachoona yeye, na moja ya ajabu, mfano simu chini kabisa mchangani omena ikitawanywa mbele yake. Kila moja uhesabu hadi kumi bila kutikisika. Ukiwa huna traipodi egemea mti au weka viwiko kwa magoti. Na usizumu, miguu unayo.

Futa lenzi na kitambaa, najua inasikika kama mzaha lakini nusu ya video zenye "ukungu" ninazoonyeshwa ni mafuta ya vidole.

Halafu kuna hii ya taa ambayo hakuna mtu aliniambia. Stima ya Kenya ni ya 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na simu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, hazilingani, kwa hivyo ukishuti ndani ya nyumba chini ya taa unaweza kuona mistari ikipanda au mwanga ukipepesa. Weka fremu 25 kwa sekunde, na kama programu yako inakuruhusu, shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiwa na Android jaribu Open Camera, ni ya bure, inakupa kuchagua fremu na kufunga mwanga usirukeruke mtu akipita mbele.

Saa za kushuti ni asubuhi kabla ya saa tatu ama jioni kuanzia saa kumi na moja. Jua la saa saba hapa Kisumu linampa kila mtu macho meusi kama amepigwa.

Editi kwa karatasi kabla ya programu

Nilikuwa na mahojiano ya dakika 34. Mara ya kwanza niliyatupa yote kwenye programu nikaanza kukata kata usiku kucha, simu ikachemka, ikajizima, nikapoteza kazi ya masaa manne. Mara ya pili nikafanya vile nakuambia sasa: sikiliza na kalamu mkononi, andika maneno yenyewe na dakika yanapoanzia, halafu zungushia tu yale ambayo ukiyasoma unahisi kitu. Nilibaki na kama sekunde mia moja na kumi. Yapange kwa karatasi, uone kama sentensi yako ya ukutani bado iko hai, ndio sasa ufungue programu.

Programu gani? CapCut inatosha kwa simu. Kwa laptopu Shotcut na Kdenlive ni za bure. DaVinci Resolve pia ina toleo la bure na ni nzuri sana lakini inataka kompyuta yenye misuli, laptopu yangu ya mtumba ililia. Kusema ukweli hii mambo ya programu gani ni bora watu huibishania tu.

Mbinu moja ya kukata ambayo itakufanya uonekane umesoma sana: acha sauti ya klipu inayofuata ianze kidogo kabla ya picha yake. Tunaona bado nyavu, tunasikia tayari mama anacheka, ndio uso wake unatokea. Zile efekti zangu za moto na kioo, hakuna hata moja iliingia.

Mafaili yape majina ya maana, tarehe kwanza halafu kitu, si "mpya ya mwisho kabisa 2". Na nakala mbili mahali tofauti, moja kwa fleshi, moja kwa mtandao bando likiwepo. Ukitumia WhatsApp kutuma tuma kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa na kurudi imechoka.

Posta

Mama alitaka posta ya kubandika kibandani. Nikamtengenezea moja yenye picha sita, fonti tano, kivuli kila mahali, bluu kali nyuma. Kwa skrini iliwaka. Ilipotoka kwa printa ile bluu ilikuwa zambarau ya nguo iliyochujuka.

Sababu ni kwamba skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, yaani RGB, na printa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, na kuna rangi skrini inazo ambazo wino hauna, hizo bluu na kijani za kuwaka hasa. Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure na inafanya kazi kwa CMYK. Lakini hata bila hio, chapisha kwanza kipande cha A4 uone rangi kabla ya kulipia zote. Picha za kuprinti ziwe 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), yaani A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, na uache milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa. Bango kubwa la barabarani halihitaji hio 300, watu wanaliangalia kwa mbali. Logo ichore kwa Inkscape, programu ya kuchora, ndio ukiivuta iwe kubwa isitoke meno.

Kuhusu mpangilio: fonti mbili zinatosha. Picha moja inatosha. Simama hatua tano nyuma ufinye macho, kile bado unakiona ndicho mpita njia atakiona. Mimi nilipofinya niliona kivuli.

Ruhusa

Omba ruhusa kabla ya kushuti, na useme ukweli video inaenda wapi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na mtoto unamuombea ruhusa kwa mzazi. Watoto wa ufuo watakuja mbele ya kamera wenyewe wakicheza, ni tamu, lakini nilizitoa klipu zao juu sikuwa nimewaona wazazi. Muziki pia usichukue tu wimbo unaopenda uweke chini, una mwenyewe. Mimi niliacha mawimbi na ule mlio wa omena kavu ikimiminwa kwa gorogoro, na hakuna mtu ameniuliza muziki uko wapi.

Mwonyeshe mwenyewe kabla ya mtu mwingine

Nilirudi Dunga na video na posta ya pili, picha moja, maandishi machache, nikajua sasa hapa nasifiwa. Mama akaangalia video yote bila kusema kitu, pale mvua inaanza akapiga ulimi kama ni leo. Halafu akashika posta, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nyathina, bei ya gorogoro iko wapi? Na hii namba yangu nani ataisoma, sisimizi?"

Bei tuliiacha nje juu inapanda na kushuka kila wiki, tukamnunulia chaki na kipande cha ubao mweusi cha kukaa chini ya posta. Namba niliipandisha juu kabisa, kila tarakimu upana wa vidole vitatu.