Mbwa Mchanga Akichechemea, Weka Mbali Tembe za Binadamu

Mbwa mchanga wa kulinda kuku au zizi la mbuzi akianza kuchechemea, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi za wafugaji, hapa Mombasa kuanzia Mwakirunge na Kisauni hadi Jomvu na Mtongwe, ni kutafuta tembe. Kuna ibuprofeni iliyobaki kwenye droo, kuna diklofenaki ya mgongo wa babu, kuna panadoli, yaani parasetamoli. Tembe inafichwa ndani ya tonge la sima, mbwa anameza, na kufikia jioni anakimbia tena. Siku ya tatu anatapika, hataki chakula, na choo chake ni cheusi kinachonata kama lami. Anayeletwa kwa daktari wakati huo hana tena shida ya mguu peke yake. Ana vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au figo zimeanza kukataa kazi, na gharama imepanda mara nyingi kuliko ile ambayo ingetumika kuutazama mguu siku ya kwanza. Wengi wa mbwa hao walihitaji kupumzishwa tu.

Tupige hesabu, maana kosa lenyewe liko kwenye hesabu. Mbwa wa kienyeji wa miezi mitatu ana uzani wa kilo 5 hivi. Tembe ya ibuprofeni ya miligramu 200 inampa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Tumbo la mbwa linaweza kuanza kupata vidonda kwenye miligramu 25 kwa kilo, na wako wanaoumia chini ya hapo, hasa wakipewa siku mbili tatu mfululizo. Tembe ya 400 inampa 80 kwa kilo. Ukimpa kama unavyoandikiwa wewe, moja mara tatu, amepata 240 kwa kilo kwa siku moja, ilhali figo za mbwa ziko hatarini kuanzia takriban 175. Na msije mkasema mlitoa nusu. Nusu ya tembe ya 400 ni 200, na hiyo tumeshaihesabu.

Diklofenaki ni vivyo hivyo. Tembe ya miligramu 50 kwa mtu mzima wa kilo 60 haifiki miligramu 1 kwa kilo. Kwa mbwa wa kilo 5 ni miligramu 10 kwa kilo. Parasetamoli ndiyo inayowadanganya watu wengi kwa sababu hata watoto wanapewa. Tembe moja ya miligramu 500 ni miligramu 100 kwa kilo kwa mbwa huyo, na karibu na kiwango hicho ini la mbwa huanza kuumia. Daktari akiamua kuitumia hutoa kati ya 10 na 15 kwa kilo. Na kama ndani ya nyumba kuna paka, elewa kwamba tembe moja ya parasetamoli inatosha kumuua. Kwa paka hakuna kipimo salama cha dawa hiyo, hata robo.

Sababu ya tofauti hii si udogo wa mwili peke yake. Mwilini mwa mbwa, ibuprofeni hupitia kwenye nyongo, hurudi kwenye utumbo na kunyonywa tena, kwa hivyo hukaa muda mrefu na kila tembe mpya hukuta ya zamani haijaisha. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huzuia maumivu kwa kuzima kemikali ambazo pia hulinda ukuta wa tumbo na kuhakikisha damu inafika kwenye figo. Mbwa mwenye maji ya kutosha mwilini huweza kuvumilia kidogo. Mbwa aliyefungwa juani mwezi wa Februari, bakuli lake limekauka tangu asubuhi, hana akiba hiyo. Na mbwa mchanga ini na figo zake bado hazijakomaa.

Kisha kuna kupe, na hapa Pwani jambo hili linahitaji kusemwa kwa nguvu. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa unaoitwa erlikiosisi. Wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, mbwa hupata homa, hunyong'onyea, viungo vyake huuma na huanza kuchechemea, leo mguu huu, kesho ule. Mwenye mbwa anadhani ameteguka. Kumbe ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa ambaye damu yake haigandi vizuri ukimpa dawa inayotoboa tumbo, umemfungulia mfereji. Tena tembe hiyo hushusha homa, kwa hivyo ile dalili moja ambayo ingekushtua inafichika. Kwa hiyo mbwa akichechemea, mkague kupe ndani ya masikio, chini ya shingo, kwapani na kati ya vidole, kisha inua mdomo uangalie ufizi. Vidoa vyekundu vidogo mithili ya ncha ya sindano kwenye ufizi au tumboni pasipo na manyoya, au damu puani, ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Atapima damu, na ikiwa ni erlikiosisi matibabu huendelea wiki nne kamili. Msikatize wiki ya pili kwa sababu ameanza kula.

Hasara nyingine ya tembe ni kwamba inaondoa ulinzi. Maumivu ndiyo yanayomzuia mbwa asiukanyage mguu. Kwa mbwa aliyekomaa, kuruka vibaya kunaweza kuwa kuteguka tu. Kwa mbwa anayekua, sehemu laini iliyo karibu na ncha ya mfupa, pale mfupa unaporefukia, ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Kinachotangulia kuvunjika ni hapo. Mtoto wa mbwa wa miezi minne akianguka kutoka mikononi mwa mtoto au akiruka kutoka kwenye ngazi, kiwiko kinaweza kuvunjika na mguu ukaonekana mzima kwa nje. Mifupa michanga huunga haraka, na inaunga vile ilivyokaa. Mpasuaji anataka kuiona ndani ya siku tatu hadi tano. Ukimpa tembe wiki nzima, akakimbia juu ya mfupa uliovunjika, unapata mguu uliopinda au mfupi maisha yake yote.

Usitafute njia ya kuzunguka. Jeli ya diklofenaki ya kupaka mgongo inalambwa ikaisha, na mbwa ameimeza. Balmu zinazowasha zina salisileti, dawa ya jamii ya aspirini, nazo zinalambwa vile vile. Sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, kutoka duka la dawa za mifugo, ikichomwa kwa mbwa ambaye jana alipewa ibuprofeni, ni njia ya haraka ya kutoboa tumbo. Meloksikamu ni dawa ya maumivu ambayo madaktari wa mifugo wanaitumia kweli, lakini tazama kipimo: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo siku zinazofuata. Kwa mbwa wa kilo 5 hiyo ni miligramu 1, halafu nusu miligramu. Tembe ya watu ina 7.5 au 15. Haikatiki kwa wembe ukapata miligramu moja ya uhakika, acheni kujaribu. Anayeuza dawa za watu kwenye duka la dawa hakusomea mbwa, na si haki kumwuliza.

Sasa, la kufanya.

Kabla ya kumgusa, mtazame akitembea hatua kumi kwenye sakafu ngumu, akija kwako na akienda. Mbwa akiumwa mguu wa mbele, kichwa huinuka anapoukanyaga ule mbovu na kushuka anapokanyaga mzima. Kisha mfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa, hata awe mpole vipi, maana maumivu humfanya yeyote aume. Lakini akiwa anatokwa mate, sauti imebadilika, nyuma inalegea au tabia yake si ile unayoijua, usimguse mdomo kabisa. Mfungie peke yake na umpigie daktari wa mifugo, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho kinaweza kuanza na miguu kulegea. Hilo linawahusu zaidi wale ambao hawajamchanja mbwa aliyetimiza miezi mitatu.

Anza na unyayo. Fungua kila kidole. Miiba, vipande vya chupa, misumari ya fundi, funza wa mchangani, kupe aliyejificha, kucha iliyopasuka, ngozi iliyobabuka kwa lami ya mchana: haya ni mambo unayoweza kuyaona kwa macho. Mwiba unaoonekana uvute kwa kibanio, kisha loweka mguu dakika 10 katika nusu lita ya maji ya vuguvugu yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, asubuhi na jioni. Kucha inayotoka damu ibane kwa kitambaa safi dakika 5 mfululizo bila kuchungulia. Ukishapita unyayo, panda juu polepole ukilinganisha mguu mbovu na mzima: uvimbe, joto, mahali anaposhtuka. Usiuvute wala kuuzungusha.

Pima joto. Kipimajoto cha dijitali, mafuta kidogo, sentimita 2 ndani ya mkundu, subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo usilisome kama la mtu ukasema ana homa kwenye 38.5. Likizidi 39.5, usisubiri.

Siku hiyo hiyo, bila kulala, mpeleke akiwa na moja ya haya: hataki kabisa kugusa chini kwa mguu, mguu umepinda au mfupa unaonekana, kiungo kimevimba na kina moto, amegongwa na bodaboda au tuktuk hata kama anatembea, ameumwa na nyoka, ana homa, hataki kula, au anachechemea miguu miwili au zaidi. Mbwa wa jamii kubwa kama German Shepherd au Rottweiler wa miezi minne hadi kumi na minane, akichechemea kwa kurudiarudia hata kama kila mara anapona mwenyewe, apigwe picha ya eksirei ya mabega, viwiko na nyonga.

Akiwa hana hata moja kati ya hayo, anakanyaga kidogo, anakula na kuchangamka, mpumzishe saa 48. Kumpumzisha si kumwacha uani asiitwe. Ni kumfungia kwenye kizimba au kona iliyozibwa, pana kiasi cha kugeuka na kulala tu, penye kivuli, gunia juu ya saruji na maji yasiyokatika. Anatoka kwa kamba fupi dakika 5, mara nne kwa siku, kukojoa na kurudi. Hakuna ngazi, hakuna kuruka, na watoto waambiwe. Kama umeona uvimbe mdogo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili hizo. Usimfunge bendeji. Bendeji iliyobana huzuia damu, na vidole huvimba na kufa ndani ya saa chache. Saa 48 zikiisha na hakuna nafuu ya kuonekana, ni daktari. Si siku nne, si Jumatatu ijayo.

Na kama tembe imeshaingia? Andika jina la dawa, miligramu, idadi ya tembe na saa uliyompa, chukua pakiti yenyewe, ondoka. Ndani ya saa 2 daktari anaweza kumtapisha, baada ya hapo faida hupungua sana. Usimtapishe nyumbani kwa chumvi, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Maziwa na mafuta hayasaidii, na makaa ya jikoni si yale ya hospitali. Kwa parasetamoli kuna dawa ya kuipinga, asetilisistini, ila inafaa ikitolewa mapema, kabla ufizi haujageuka rangi ya udongo na uso kuvimba. Usimfiche daktari eti kwa aibu. Asipojua, atamchoma dawa yake ya maumivu juu ya ile yako, na kwa kawaida dawa mbili za jamii hiyo zinataka siku 5 hadi 7 katikati.

Uzito ndio msingi wa kila kipimo, basi nenda nao mkononi: panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Mjue pia daktari wako kabla ya dharura, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na usione haya kumwuliza namba yake ya usajili. Mfugaji wa Likoni ambaye daktari wake yuko kisiwani aondoke mapema, maana foleni ya feri haijui mgonjwa. Mbebe mbwa akiwa amelala juu ya ubao au ndani ya beseni lililotandikwa gunia, mguu mbovu ukiwa juu.

Neno fupi kuhusu madini ya kalisi (kalsiamu), kwa kuwa wengine huiongeza pamoja na tembe. Mbwa anayelishwa nyama tupu au matumbo na sima kweli hupungukiwa kalisi, na mifupa yake huvunjika kirahisi. Lakini dawa yake ni kurekebisha chakula kizima kwa ushauri wa daktari. Kumwagia unga wa chokaa ya ng'ombe mbwa wa jamii kubwa ambaye tayari anakula chakula kamili cha dukani humharibia viungo badala ya kuviimarisha.

Akipona ataonekana: anakanyaga sawasawa, anakula. Hata hivyo mrudishe kazini taratibu, kwa kamba dakika 10 mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, 20 wiki ya pili, ndipo umfungulie usiku kulinda.